Mwanangu Mkamba Anaitwa Owiti, na Mimi Ndiye Niliyemtupa

"Huyu ni wangu! Nimemwokota kwa taka. Wako kamtafute pale ulipomtupa!"

Mlango ukafungwa... pwaa!

Nikabaki nje nimeshika kikombe cha unga, maziwa yakinitiririka ndani ya gauni.

Aliyenifungia mlango alikuwa Akeyo, jirani yangu wa ukuta mmoja pale mtaani Mbotela. Tuliazimana chumvi, tuliazimana makaa yaliyokwisha kushika moto, Jumamosi tulisukana nywele. Na mtoto aliyekuwa ananyonya titi lake alikuwa mwanangu. Wa siku tatu!

Mtaniuliza, si ungepiga nduru?

Nipige nduru niseme nini, jameni?

Ningeenda polisi, swali la kwanza lingekuwa, "Mama, mtoto alifikaje kwa taka?"

Alifika kwa sababu nilimweka. Mimi Kavutha, mama yake mzazi, kwa mikono yangu hii miwili, nikiwa na akili timamu.

Sasa tulieni niwaeleze, maana haya sijawahi kuyasema.

Juzi mjukuu wangu amepata kijana. Kwetu Ukambani kifungua mimba wa kiume huchukua jina la babu yake, baba ya baba. Basi huyo mdogo ataitwa Owiti, kama mwanangu.

Mke wa mjukuu akaniuliza mimi bibi yao kwa grupu ya familia: "Susu, Owiti si jina la Wajaluo? Sisi tulilitoa wapi? Maana yake ni nini?"

Wenzake wakaweka vikatuni vya kucheka.

Mimi nikazima simu. Siku mbili sikuiwasha.

Leo nimeiwasha. Someni.

Mume wangu Maingi alikuwa mchongaji. Twiga, vifaru, vijiko vya saladi vya kuuzia wazungu mjini. Mikono yake ilikuwa migumu kama gome, lakini akishika kitu kidogo huwezi kusikia hata sauti. Jumapili aliimba besi kwa kwaya.

Tuliishi chumba kimoja, choo na bomba ni vya wote. Mbotela ya wakati huo ilikuwa na kunguni na mende, usiseme! Watu walitoa vitanda nje kila mwezi na kuvimwagia maji moto.

Kwangu? Hata kunguni mmoja hakuwepo!

Wanawake walikuja kuniuliza siri. Nilijibu, "Ni usafi tu." Nikajivuna. Vijana husema nini siku hizi... nilijiona nimeiva!

Mwaka wa sabini na nne nikapata kijana. Akaitwa Makau, jina la baba mkwe aliyekuwa amefariki. Mama mkwe wangu, Mbithe, alikuja na basi kutoka Kangundo kumpa hilo jina, akacheza hadi leso ikamdondoka.

Siku ya kumi na moja mtoto akafa.

Jasho! Jasho tu. Nguo unaikamua. Anapumua mbio mbio kama mtoto wa ndege, titi hataki. Hospitali walisema ni mapafu.

Mwaka uliofuata nikapata mwingine. Mama mkwe akasema, "Jina la mume wangu halitalala chini. Naye ni Makau."

Siku ya tisa. Jasho vile vile.

Wa kwanza nililia. Wa pili sikulia. Nilifua nguo zake, nikazianika, zikakauka, nikazikunja. Watu walisema nina moyo mgumu. Sikuwa na moyo mgumu... Sikuwa na moyo wowote. Nilikuwa kama mguu ukikaliwa sana, unaugusa huusikii.

Na bado kila mtu mtaani aliniita Mama Makau. Asubuhi, bombani. "Mama Makau, ndoo yako imejaa!"

Machi ya sabini na saba, siku ya Jumanne, nikajifungua tena. Kijana!

Jumatano nikarudi nyumbani. Alhamisi jioni nikamshika paji la uso.

Limelowa.

Akeyo, aliyekuwa bado ananyonyesha kitinda mimba wake, aliingia akanikuta nimekaa kitandani, nimetazama ukuta.

"Mama Makau, mtoto amenyonya?"

"Bado."

"Toka saa ngapi?"

"Sijui."

Akamfunua, akamgusa, akarudisha shuka pole pole. Akeyo alikuwa mwanamke wa maneno mengi, ukimsikia akicheka ungedhani ni harusi. Siku hiyo aliketi chini, akaongea kwa sauti ndogo.

"Mama mkwe wako anakuja lini?"

"Jumamosi. Kutoa jina."

"Jina gani?"

Makau, lipi lingine? Alijua.

"Sikia, nyar mama, dada yangu. Kwetu mtu akizika watoto wakifuatana, yule anayekuja hatunzwi kama yai. Anatupwa!"

"Anatupwaje?"

"Kwa taka, kwa njia, popote. Mama anamwacha na kuondoka bila kugeuka. Mtu wa nje anapita, anamwokota. Sasa si wako tena, ni wa aliyeokota. Kifo kikija kukutafuta kwako kinakuta huna mtoto. Baadaye unamnunua kwa kitu kidogo, hata unga. Anaitwa Owiti. Wa kutupwa. Mjomba wangu ni Owiti, na ana meno yote!"

"Maingi ni mtu wa kanisa, Akeyo. Hawezi kukubali."

"Kwani ni Maingi alizika? Maingi alichimba. Wewe ndiye ulizika."

Mtoto akapumua mbio mbio.

Kwetu mtoto ambaye hajapewa jina bado ni wa waliotangulia. Yuko mlangoni, mguu ndani mguu nje. Nilifikiri, kama ni kumvuta upande mwingine, ni kabla ya Jumamosi.

"Kesho alfajiri," nikasema.

"Nyuma ya vyoo. Mimi nitakuja na ndoo kama naenda bombani. Jua likitoka nakuletea kwako, wewe unangoja na unga. Umesikia?"

"Nimesikia."

Ijumaa alfajiri Maingi alikuwa amekwenda kuwahi gogo la mpingo. Nikamfunga mtoto nepi mbili, shuka moja, nikatoka.

Lile jaa lilikuwa na maganda ya viazi, majivu, kiatu kimoja cha mtoto. Nikaweka gazeti. Nikaweka mtoto juu ya gazeti. Hakulia. Hilo ndilo nakumbuka, alinitazama kama mtu aliyechoka kungojea.

Sikugeuka nyuma. Nilihesabu hatua mpaka mlangoni kwangu. Hamsini na tatu.

Jua likatoka. Nikashika kikombe cha unga.

Jua likapanda juu ya mabati.

Akeyo hakuja!

Nikaenda kugonga. Yaliyofuata nimeshawaambia. "Huyu ni wangu!" Pwaa!

Jioni Maingi akarudi, vumbi la mbao kwa nyusi.

"Kijana yuko wapi?"

"Kwa Akeyo. Maziwa yangu yamekauka, anamnyonyesha yeye."

Akatazama gauni langu. Lilikuwa limelowa mpaka tumboni.

Akakaa, akavua viatu, akaviweka sawa sawa kando ya kitanda. Alikuwa ameogopa kuuliza, nami nilikuwa nimeogopa kuulizwa. Tukala ugali.

Jumamosi mama mkwe akashuka na kibuyu cha uji, paja la mbuzi na leso mpya.

"Makau wangu yuko wapi?"

Nikamwambia. Yote! Sikuwa na nguvu za kutunga uongo wa pili.

Alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. Akaweka kibuyu chini. Halafu mama huyo wa miaka sitini na kitu akafunga leso kiunoni na kwenda kupiga mlango wa Akeyo kwa ngumi mbili!

"We mwanamke! Toa mtoto wa Makau!"

"Hapa hakuna mtoto wa Makau!" Akeyo akajibu kutoka ndani.

"Mwizi! Mla samaki!"

"Afadhali mla samaki kuliko mla watoto!"

Mtaa mzima ukatoka. Wengine walikuwa na sabuni kwa uso. Maingi naye akafika mbio.

Mlango ukafunguliwa. Akeyo akasimama pale, mwanangu begani.

"Mama Makau, siogopi wewe wala mama mkwe wako. Nilipomwokota alikuwa analoa jasho, mdomo umekauka. Nikamvua kila kitu, kwa sababu wa kuokotwa haingii na nguo za alikotoka. Kufika saa nne jasho likakata. Mchana akanyonya. Leo amelia mpaka mzee wangu amekasirika! Sasa nikurudishie afe? Ile nyumba yako inakula watoto!"

Mama mkwe akashusha ngumi.

Mimi nilikuwa nimemtazama mtoto tu. Alikuwa mkavu. Alikuwa na usingizi wa kawaida, mdomo wazi.

Maingi akaniuliza, polepole, mbele ya watu, "Mama Makau... ulimtupa?"

"Ndiyo."

Akageuka, akaingia ndani. Nilimsikia akiketi kitandani, kitanda kikalia.

Wasomaji wangu, usiku huo tulilala watatu chumba kimoja, mimi, mume wangu na mama yake, na upande wa pili wa ukuta mwanangu analia na kunyamazishwa na mwingine.

Jumapili, Maingi akiwa kanisani, ukuta ukagongwa.

"Kavutha!" Mara ya kwanza Akeyo kuniita jina langu. "Kuja. Kuja na mama yako mkwe."

Tukaenda. Mtoto alikuwa amelala kwa katoni ya biskuti. Akeyo hakutuangalia. Alielekeza kidole kwenye pembe ya chumba, pale alipotupa ile shuka na nepi siku ya Ijumaa.

"Tazameni."

Mende.

Wamelala chali, miguu juu. Juu ya shuka, kando ya shuka, mpaka chini ya meza. Nilihesabu hadi kumi na tisa.

"Kwangu mende hawafi," akasema Akeyo. "Nimewapiga na viatu miaka sita, wanazaana tu. Hizi nguo ulizitoa wapi?"

Nilikuwa nimeshajua. Mwili ulijua kabla ya kichwa.

Wachongaji hutia mbao dawa ya dumuzi, yule mdudu anayetoboa na kuacha unga. Pale kibandani kwao kwa kuchongea walilowesha vitambaa vya marikani kwa hiyo dawa, wakafungia vinyago usiku kucha ili iingie. Vitambaa vikishatumika mara mbili tatu, vinatupwa.

Maingi hakuvitupa. Nilipokuwa na mimba ya kwanza alikuja na furushi amelificha nyuma ya mgongo, anatabasamu kama mtoto wa shule.

"Nimekuletea marikani, mke wangu. Nzito, safi. Ukate nepi."

Nikafua kwa sabuni ya kipande, nikaanika, harufu ikaisha. Nikakata nepi ishirini na nne. Nikashona pindo kwa mkono, mishono midogo midogo. Shuka pia. Zilizobaki nikatandika chini ya godoro.

Ndiyo maana sikuwa na kunguni!

Nikawaambia: harufu iliisha, dawa ikabaki kwenye ngozi ya watoto. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu anayeongea bombani.

Mama mkwe alikaa sakafuni, miguu imenyooka mbele. Halafu akasema, "Wote wawili?"

"Wote wawili, mwaitu."

"Maingi anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue." Akanishika mkono, na hakuwa amenishika mkono tangu niolewe. "Alileta vile vitambaa kwa mapenzi. Ukimwambia, huyo hatashika tezo ya kuchongea tena. Utazika wa tatu, na huyo wa tatu ni wangu."

Akeyo akasema, "Atauliza mbona mtoto havai zile nepi."

"Mwambie ni mila ya kwenu," mama mkwe akajibu. "Wa kuokotwa havai kitu cha nyumba ya kwanza. Si ndivyo ulisema?"

"Ndivyo nilisema."

"Basi ndivyo ilivyo. Na jina?"

Tukatazamana. Yule mama alikuwa ametoka Kangundo kuinua jina la mume wake. Alimchukua mtoto kutoka kwa ile katoni ya biskuti, akamtemea mate kidogo ya baraka kifuani.

"Owiti," akasema. Ulimi ulimpinga, akarudia. "Owiti. Mtu akiuliza, jina litajibu."

Nikamnunua mwanangu kwa kikombe cha unga. Akeyo aliupokea kwa mikono miwili. Alilia. Mimi sikulia.

Maingi aliposikia mtoto amerudi na anaitwa Owiti, nilingoja anipige, au alete mzee wa kanisa. Alimshika tu, akamnusa kichwani.

"Anaishi," akasema. "Hata mngemwita Jiwe."

Zile nepi alizokuwa amevaa tulizichoma kwenye jiko la Akeyo. Zilizokuwa chini ya godoro pia. Lakini zile zilizobaki safi, zimekunjwa ndani ya sanduku, sikuzichoma. Nilisema moyoni, nikizichoma zote Maingi ataona, atauliza, mtu hachomi marikani nzima bila sababu. Nikasema nitazitoa kidogo kidogo.

Sikuzitoa. Kila nikifungua lile sanduku mikono ilikataa. Nikaacha kulifungua.

Owiti akanenepa. Akakaa. Akatambaa. Watu walikuja kumwona mtoto aliyetupwa kifo kikamkosa. Akeyo aliwahadithia, mimi nikatikisa kichwa. Ikawa ndiyo habari ya jina lake. Yeye mwenyewe hana nyingine mpaka leo.

Disemba hiyo Maingi akarudi mapema. Akatundika koti. Akabaki ameshika msumari wa koti.

"Mtoto wa Kilonzo amekwenda."

Kilonzo alikuwa mchongaji mwenzake, wanakaa benchi moja. Mke wake Mbeti alikuwa amejifungua kijana, kifungua mimba.

"Alikuwa na siku ngapi?" nikauliza.

"Kumi. Jasho, Mama Owiti. Jasho kama la wetu." Akaketi. "Na nilikuwa nimejaribu kuwasaidia. Hawana kitu wale. Niliwapelekea zile nepi za sandukuni. Wewe hukuwa unazihitaji... mila ilikataza."

Nikaenda kwa sanduku.

Nikafungua.

Tupu!

Nikamwambia hapo hapo. Nikiwa nimempa mgongo, nimetazama ndani ya sanduku tupu, nikamwambia dawa, marikani, mende, kila kitu. Sikumwacha mama yake, sikumwacha Akeyo, sikujiacha mimi.

Halafu akauliza, "Na akina Makau?"

"Nao."

Akavaa koti tena. Akatoka. Alikwenda kwa Kilonzo, na asubuhi alikwenda kibandani kumwambia kila mchongaji, mmoja mmoja, kofia mkononi. Tangu siku hiyo vile vitambaa vilichomwa pale pale. Maingi alirudi kwenye tezo, akachonga miaka ishirini na sita zaidi. Mama yake alikuwa amekosea. Angeubeba ukweli. Tulimnyima tu nafasi ya kubeba.

Mbeti alikuja baada ya mazishi. Alisimama mlangoni, hakuingia. Leso yake ilikuwa imelowa kifuani. Nilijua ni nini.

"Ulijua lini?"

"Machi."

Akainua mkono. Akahesabu kwa vidole. Machi, Aprili, Mei... Alihesabu yote, hakuruka hata mmoja. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akaenda mkono wa pili. Alipofika Disemba akashusha mikono.

Hakunitukana.

Aligeuka akaenda zake. Walihama mwezi uliofuata, sikuwahi kumwona tena. Ningempa chochote anitukane.

Sasa, mke wa mjukuu wangu, umeuliza maana na asili.

Maana ni rahisi. Owiti ni wa kutupwa, aliyetupwa ili aishi, na tulipewa na mwanamke wa Kijaluo aliyekuwa na macho kuliko sisi wote. Asili yake ni wanawake watatu walioficha ukweli ili mwanamume mmoja asiumie. Tulificha kwa mapenzi, na mapenzi hayo yalitoka kwetu yakaenda kumfunga mtoto wa watu nepi. Akina mama mnaosoma hapa, kama mnajua kitu kilichoua kwenu, msikifanye siri ya nyumba. Kisemeni siku hiyo hiyo, hata kama aliyekileta ni mtu mnayempenda.

Owiti mwanangu, ukifika hapa, nipigie simu. Au usipige. Nitaelewa.

Mpeni huyo mdogo jina la babu yake, mimi sikatazi. Mkimpa, mpeni na hii habari yote.

Yule wa Mbeti aliitwa Matheka. Kwetu ni kicheko. Hakuna aliyemtupa. Alifungwa nepi safi zenye mishono yangu, na hakupata kuwa babu ya mtu.